Tusizike Elimu ya Wazee



Juma lililopita baba mmoja alitujia shuleni, hapa Mitwaba, ameshika mkononi daftari la mwanawe. Hakuja kwa ugomvi. Alivua kofia, akatuamkia, akasema: "Mwalimu, twakuheshimu. Lakini mwaka huu nimekwisha kununua madaftari sita. Sasa mtoto aniambia kwamba wataka la saba, la kuandikia habari za majani na wadudu. Majani na wadudu tunao bure porini. Mbona tuwanunulie daftari?"

Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu hapa kwa faida ya wazazi wote. Jibu letu ni fupi. Baba huyo hana haja ya kununua daftari la saba, kwa maana karatasi yake imo nyumbani mwake, naye huitupa kila juma. Lakini daftari lenyewe sharti liwepo. Kwa nini liwepo, twaomba ruhusa tulieleze kwanza, ingawa ni habari ya kutuaibisha sisi wenyewe.

Kosa letu

Nyumba tatu tu kutoka uwanja wa shule aliishi nkambo mmoja, mama mzee sana. Kila mwaka wakati wa mvua akina mama waliotoka porini na vikapu vya bowa, yaani uyoga, walipitia kwake kabla ya kwenda jikoni. Yeye alikaa kwenye mkeka, akaushika uyoga mmoja mmoja, akaugeuza, akaunusa, akatazama chini ya kofia yake na kwenye shina lake hata mizizini. Huu aliuweka kuume: wa chungu. Huu aliutupa kushoto: wa jalala. Watoto walimwita Nkambo wa Bowa.

Sisi tulipita mbele ya mlango wake kila asubuhi. Tulimwamkia kwa adabu, kisha tukaenda zetu darasani kuwafundisha watoto majira manne ya mwaka, kama tulivyoyakariri katika vitabu vya Ulaya: wakati wa theluji, wakati wa maua, na mengineyo. Seminarini tulijifunza kutaja miti kwa Kilatini, lakini mti uliosimama mbele ya dirisha letu hatukujua jina lake katika lugha ya mama yetu. Siku moja nkambo alituuliza: "Mwana wetu, theluji hiyo huanguka mwezi gani hapa Mitwaba?" Tukacheka, naye akacheka, tukaendelea na njia. Kicheko kile chatuuma hata leo.

Nkambo alifariki wakati wa kiangazi. Mvua za kwanza ziliponyesha, mama wa nyumba ya jirani alikwenda porini, akarudi na uyoga mweupe, mzuri wa kutazama. Hapakuwa tena na mtu wa kumwonyesha. Walikula watu watano. Usiku wa manane wakaanza kutapika, na kulipopambazuka tukawapeleka hospitalini kwa baisikeli. Wanne walipona. Wa tano, kitinda mimba, ambaye alikuwa hajaanza shule, tulimzika Jumamosi.

Asimlaumu mtu yeyote mama yule. Katika miaka ya 2005 na 2006, wakati wa vita vya Mai-Mai, maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao katika nchi ya Mitwaba, Pweto na Manono. Wengine waliishi kambini, wengine njiani. Mama yule alikuwa mtoto wakati huo. Miaka ambayo ingempasa kumfuata nkambo wake porini akiwa na kikapu kidogo, aliimaliza katika foleni ya chakula. Wazazi wengi wa leo walikatiwa somo hilo hivyo hivyo, wala si kwa uvivu wao.

Hatusemi kwamba daftari lingalimwokoa mtoto yule. Lakini neno hili twalijua: kwa miaka saba tulikuwa na darasa la watoto wenye kujua kuandika, na nkambo mwenye elimu nyumba tatu kutoka kwao, na karatasi zilizotupwa jalalani katikati. Hatukuviunganisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulidhani wanasema juu ya mali ya dukani tu.

Msafiri aliyeandika juu ya gazeti kuukuu

Huenda kijana wa darasa la juu akatuambia: "Mwalimu, mtu mwenye elimu haandiki juu ya takataka." Basi na asikilize habari hii.

Mwaka wa 1871 Daktari David Livingstone, msafiri Mskoti, alikuwa katika nchi ya Maniema, kaskazini kwetu, karibu na mto Lualaba. Ni mto uleule unaopita katika maziwa ya Upemba. Karatasi zilimwishia, na wino ukamwishia pia. Hakuacha kuandika. Alichukua gazeti kuukuu la London lililoitwa The Standard, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, mistari yake ikiikata mistari ya gazeti. Wino aliupata kwa mbegu za mmea wa nchi ile. Humo aliandika habari za mito, njia na masoko. Na humo humo aliandika mauaji ya tarehe 15 Julai 1871 katika soko la Nyangwe, ambapo watu wa wafanya biashara ya utumwa waliwaua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliwatia nguvu waliopigania kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja, nalo likafungwa mwaka wa 1873.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wenzi wake Waafrika, akina Chuma na Susi, waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake mpaka pwani, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliyesomeshwa misioni huko Nasik katika Bara Hindi, alikuwa na daftari lake mwenyewe la safari. Tazameni basi, vijana: Mwafrika mwenye kuandika aliyoyaona si jambo jipya.

Lakini lipo na somo la pili. Wino ule wa mbegu ulififia, na chapa ya gazeti ikayafunika maneno. Kwa zaidi ya miaka mia moja kurasa nyingi hazikusomeka vema, hata wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, wakayatoa maneno yake mwaka wa 2011. Sisi hatuna mitambo hiyo. Kwa hiyo sheria yetu ni hii: andikeni upande usio na chapa, na andikeni kwa kalamu ya risasi, kwa maana risasi haififii juani wala haimwagiki maji yakiigusa.

Namna ya kulitengeneza

Karatasi iliyo bora kuliko zote ni ya mfuko wa saruji. Mfuko wa karatasi una tabaka mbili au tatu, na tabaka la katikati kwa kawaida ni safi na imara sana. Kazi ya kuufungua ni ya mtu mzima, wala si ya mtoto, kwa maana vumbi la saruji hudhuru macho na kifua. Aufungue nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni, aukung'ute, kisha aupanguse kwa kitambaa kikavu. Asitumie maji, kwa maana saruji ikipata maji hushika na kuwa jiwe. Mahali ambapo mifuko ni ya nailoni, tafuteni pakiti za unga na za sukari, kalenda za mwaka uliopita, na karatasi za mitihani zilizoandikwa upande mmoja.

Kateni karatasi nane zilizo sawa, kila moja yenye urefu wa shubiri mbili na upana wa shubiri moja. Zipangeni pamoja, zikunjeni katikati, mtapata kurasa 32. Zinatosha kwa mwaka mmoja wa mtoto mwenye bidii. Katika mkunjo toboeni matundu matatu kwa msumari: moja katikati, moja juu, moja chini. Uzi fumueni katika gunia kuukuu. Uanzie ndani, utoke nje kwa tundu la katikati, uingie ndani kwa tundu la juu, upitilize ndani mpaka tundu la chini, utoke nje, kisha urudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili zikikutana, zifungeni juu ya ule uzi mrefu. Daftari halitaachana.

Jalada ni katoni ya sabuni. Gundi ni unga wa muhogo ule ule wa bukari, uliochemshwa mpaka uwe uji mzito wa kung'aa. Mama akiwa na kipande cha kitenge kilichochakaa, na akibandike juu ya katoni. Daftari litapendeza, na mtoto atalitunza kama nguo ya Jumapili. Ndani ya jalada la nyuma bandikeni bahasha kuukuu, iwe mfuko wa mbegu na manyoya ya ndege.

Jani likibandikwa likiwa bichi huoza. Liwekeni kati ya magazeti, juu yake ubao, na juu ya ubao jiwe. Siku nne za kwanza badilisheni gazeti kila siku. Baada ya siku kumi hivi litakuwa kavu, nanyi mtalishona kwenye ukurasa kwa uzi mwembamba. Asiye na subira na aweke jani chini ya karatasi, asugue juu yake kwa ubavu wa kalamu ya risasi au kwa kipande cha makaa. Mishipa yote ya jani itatokea, hata mtoto wa darasa la kwanza atashangaa.

Mwishowe, mchwa na mende hupenda gundi ya unga kama sisi tunavyopenda bukari. Daftari litundikwe juu pale mnapotundika mahindi ya mbegu, moshi ulifikie lakini moto usilifikie.

Mambo matano ya kuandika

Daftari zuri la picha lisilo na maneno ni pambo tu. Kila ukurasa uwe na mambo matano: siku, mahali, jina, niliyoyaona mwenyewe, na jina la aliyenieleza.

Kwa jina twataka kwanza jina la lugha ya nyumbani, liwe la Kiluba, Kisanga au Kizela, kisha la Kiswahili, kisha la Kifaransa kama lapatikana. Msione haya kuliweka jina la wazazi wenu mbele. Juu ya vichuguu vya nchi hizi za miombo huota uyoga ambao kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja. Wataalamu Pegler na Piearce waliupa jina la Kilatini, Termitomyces titanicus, mwaka wa 1980, kutoka Zambia. Kabla ya mwaka huo mama zetu walikuwa wamekwisha kuupika vizazi vingi, nao walikuwa na jina lake.

Jambo la nne na la tano yasichanganywe kamwe. Niliyoyaona ni ushahidi wangu. Niliyoambiwa ni ushahidi wa mwingine. Msichana mmoja wa darasa letu ameandika hivi katika karatasi ya saruji: "Oktoba 14. Njia ya kisima. Kumbikumbi wametoka jioni baada ya mvua ya kwanza. Niliwaona mwenyewe. Nkambo Mulume asema wakitoka mapema vile, tusikimbilie kupanda, tungoje mvua ya pili." Katika maneno machache hayo limo somo la kilimo. Mwakani ataandika tena tarehe ya kumbikumbi, na mwaka wa tatu tena, na baba yake atakuwa na kitu cha kulinganisha anapoamua siku ya kupanda mahindi.

Hayo ndiyo majira yetu, theluji haimo. Andikeni siku miti ya miombo inapovaa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Andikeni siku masuku yanapoiva, na ni kilima gani chenye mengi. Andikeni vinkubala walionekana mti upi, kwa maana kila aina ya kiwavi ina mti wake, na mti huo ukikatwa kwa makaa, kikapu cha mama kitarudi kitupu. Andikeni kikanda kinachimbwa wapi, na kama mwaka huu wachimbaji walikwenda mbali kuliko mwaka jana. Andikeni mzizi wa munkoyo unavyotambulikana.

Juu ya uyoga twatoa amri, wala si shauri. Daftari halimpi mtoto ruhusa ya kula. Uyoga wa sumu na uyoga wa chakula hufanana kama ndugu wawili. Mtoto na auchore, aandike maneno ya mzee, lakini asionje, na mzee auone uyoga wenyewe kabla haujafika jikoni. Mzee asiyeujua, na autupe.

Kwa nini tarehe na mahali

Watoto hupenda kuchora, lakini husahau tarehe. Basi wasikie habari ya jirani yetu, Mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa tarehe 15 Mei 1939, ambayo sehemu yake imo katika nchi yetu ya Mitwaba. Toka mwaka wa 1946 mpaka 1949 Mbelgiji G. F. de Witte aliongoza humo kazi kubwa ya kukusanya viumbe: nyoka, vyura, samaki, wadudu, ndege na mimea. Kila kiumbe kilifungiwa kikaratasi chenye mahali na tarehe, hata na kimo cha nchi: Mabwe kando ya ziwa, mita 585, Lusinga juu ya milima, mita 1,760. Vitabu vingi vilitungwa kwa vikaratasi hivyo.

Mwaka wa 2005 mtaalamu Cotterill alitangaza kwamba swala wa mabwawa ya Upemba, aina ya lechwe, ni jamii ya peke yake, akamwita Kobus anselli. Alimtambua kwa kupima mafuvu na ngozi zilizowekwa katika majumba ya makumbusho miaka mingi kabla. Vitu hivyo vingekosa maandishi ya mahali vilipotoka, vingekuwa mifupa tu. Wavuvi wa Upemba walimjua mnyama huyo siku zote. Lakini wao hawakuulizwa, na maneno yao hayakuandikwa. Sasa mnyama huyo amekuwa adimu, kama walivyo adimu punda milia wa nyanda za juu, ambao ni wa mwisho wa porini katika Kongo yetu. Twapenda watoto wa Mitwaba wawaandike wakiwa hai.

Jibu kwa baba yule

Baba aliyekuja na swali lake ni mwashi. Tulipomaliza kumweleza haya alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, mifuko hiyo mimi huwashia moto." Siku ya pili alimtuma mwanawe na mifuko minne, imekung'utwa na kukunjwa vizuri. Tumepata karatasi za kuwatosha watoto kumi na wawili. Jioni ile ile mtoto alimwuliza baba yake swali la kwanza, naye akajibu habari za nyuki: miti gani hutoa asali nyeupe, na miti gani hutoa asali chungu. Mtoto ameandika kurasa mbili. Mwishoni, mahali pa jambo la tano, ameandika: "Aliyenieleza ni baba yangu." Baba alituonyesha mstari huo kwa kidole, akauficha uso wake kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Wazazi wapenzi, mwaombwa mambo mawili juma hili. La kwanza, msitupe mfuko, katoni wala kalenda kabla ya kumwuliza mtoto. La pili, mtoto akija na kalamu ya risasi na kuuliza jina la mti, msimwambie, "Niache, nimechoka." Mkiwa hamlijui, msione aibu, mpelekeni kwa aliye mzee kuliko ninyi.

Nanyi wanafunzi, leo mkitoka Misa tazameni ni nani aliye mzee kuliko wote katika njia yenu. Jumatatu nendeni kwake na ukurasa mmoja. Msiende na maswali kumi; nendeni na swali moja, na kuni kidogo mkononi, kama ilivyo desturi ya kumtembelea mkubwa. Sisi tulipita mbele ya mlango mmoja miaka saba. Mlango ule sasa umefungwa. Milango mingine ingali wazi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya kuchora ndege bila kumwua.